Nani Kakaa na Ufunguo?

Tulipokuwa sekondari tulianzisha kikundi cha maigizo. Mavazi yetu yote, kanzu mbili, baibui moja, koti kuukuu la bwana shauri na kofia ya tarabushi, yalikaa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku alikaa nao kijana mmoja. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Aliichukua mwenyewe siku ya kwanza baada ya mazoezi, maana sisi wengine tulikuwa tumeshakimbilia chakula na nguo zimebaki sakafuni. Akazikunja, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Mwaka mzima ukapita hivyo. Likizo ikafika akaondoka, na shule ilipofunguliwa hakurudi.

Wiki mbili kabla ya onyesho tukawa tumekaa tunalikodolea macho lile sanduku kama wafiwa. Nyundo ilikuwepo. Wenye nguvu walikuwepo. Lakini hakuna aliyethubutu kuvunja kufuli, na si kwamba tulimwogopa yule bwana. Tulimheshimu. Mtu kakufanyia kazi ya bure mwaka mzima, leo uende ukavunje kufuli lake, akitokea mlangoni utamwambia nini? Tukaigiza na sare za shule. Bwana shauri alivaa sweta.

Nimelikumbuka sanduku hilo kwa sababu ya Debian. Kwa asiyeijua, Debian ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuiwezesha kuendesha programu nyingine zote. Kwa kazi ni ndugu wa Windows, kwa tabia hata kidogo. Hauuzwi. Msimbo wake uko wazi: unaweza kuusoma, kuubadili, na kumgawia jirani. Programu za namna hii ndizo tunazoziita programu huria. Nyuma yake hakuna kampuni wala mwajiri. Kuna wanachama wapatao elfu moja waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, na mradi wenyewe hauwalipi mshahara.

Sasa, Katiba ya Debian ina kifungu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Kwa maneno yangu mwenyewe kinasema hivi: humu hamna chochote kinachomlazimisha mtu kuufanyia mradi kazi, na mtu akipangiwa kazi asiyoitaka si lazima aifanye. Kinachokatazwa ni kuzipiga vita kanuni makusudi. Basi, hakuna zaidi. Hebu jaribu kuendesha hata kamati ya harusi kwa kifungu hicho uone! Lakini watu hawa wameendesha kwacho mfumo ambao toleo lake la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi 64,419. Kwa hiyo nikajiuliza: hawa wanagawanaje kazi? Na kubwa zaidi, kazi ikishagawanywa, inatokaje mkononi mwa aliyeishika?

*

Mwanzo ulikuwa wa mtu mmoja. Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20 katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana huko Marekani, alitangaza mradi wake tarehe 16 Agosti 1993. Linux yenyewe, kile kiini alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ilikuwa bado changa, na kuipata ikiwa kamili pamoja na programu zake ilikuwa shughuli. Watu walikuwa wanakusanya vipande, wanavifunga pamoja na kuvigawa, na baadhi ya mafungu hayo yalijaa kasoro ambazo aliyeyafunga hana muda nazo. Murdock alitaka fungu litakalotengenezwa hadharani na mikono mingi. Jina alilitoa nyumbani: Deb ni la mchumba wake Debra, na Ian ni lake.

Watu wakaja. Hata hivyo Januari 1994, wakati wa toleo la 0.91, wachangiaji wakiwa wameshafika makumi, kazi ya kukusanya na kufunga toleo zima ilikuwa bado inamwelemea Murdock kwa sehemu kubwa. Si unajua vikundi vikiwa vichanga: wote tunasaidia, mmoja anakesha.

Kilichogeuza mambo hakikuwa hotuba wala semina. Kilikuwa ni kifaa. Kinaitwa dpkg, nacho ni programu ya kusimika na kuondoa vifurushi. (Kifurushi hapa si cha bando la simu, usije ukachanganya.) Kila kifurushi ni programu moja iliyofungwa pamoja na karatasi yake ya maelezo: inahitaji vifurushi gani vingine ili ifanye kazi, inagombana na vipi, na mlezi wake ni nani. Ian mwingine, Ian Jackson wa Uingereza, ndiye aliyeiandika upya dpkg mwaka 1994. Mfumo ulipokatwa vipande vyenye mipaka inayoeleweka, kila kipande kikaweza kukabidhiwa mtu wake, na wa Ujerumani akalima kwake bila kumsubiri wa Australia aamke. Kufikia toleo la 0.93R5, Machi 1995, kila kifurushi kilikuwa na mlezi anayejulikana.

Nathubutu kusema kwamba mgawanyo wa kazi katika Debian uliamuliwa na mkato huo kabla ya Katiba yoyote kuandikwa. Mipaka ya vifurushi ilitangulia, na mipaka ya madaraka ikapita mle mle, kama njia ya ng'ombe inavyokuja kugeuka barabara. Toleo la 1.1 la Juni 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Kiongozi wakati huo alikuwa Bruce Perens, aliyepokea kijiti kwa Murdock Machi 1996, na ambaye ajira yake ilikuwa Pixar. Ndiyo maana mpaka leo matoleo ya Debian yanaitwa kwa majina ya vikaragosi vya filamu ya Toy Story. Enzi ya Perens ilituachia Mkataba wa Jamii wa Julai 1997, ambao sehemu yake ya miongozo ndiyo iliyogeuzwa mwaka 1998 kuwa tafsiri rasmi ya programu huria inayotumika duniani. Hilo ni jambo kubwa, lakini lina hadithi yake. Sisi tubaki na ufunguo.

Katiba ilipitishwa Desemba 1998, Ian Jackson akiwa kiongozi. Msingi wake ni huu: mwanachama mmoja mmoja ndiye mwamuzi wa kazi yake mwenyewe. Juu ya hapo kuna kiongozi anayechaguliwa kila mwaka, kuna Kamati ya Ufundi yenye watu wasiozidi 8 wa kuamua magomvi ya kiufundi, na juu ya wote hao kuna kura ya wanachama. Kiongozi anateua watu wa kushika kazi za pamoja. Anaweza kumteua mtu na anaweza kumwondoa, lakini hawezi kumwekea sharti kwamba aamue hivi au vile, wala hawezi kuutengua uamuzi wa mteule ukishatoka. Bwana wee, mjumbe wa nyumba kumi alikuwa na sauti kuliko huyo!

Lakini si kazi zote zinazofanana na shamba lenye mpaka. Nyingine ni lango. Kuna kikundi kidogo kinacholinda ghala kuu: kifurushi kipya hakiingii mpaka mmoja wao akikague, hasa leseni yake, asije mtu akaingiza mali ya wenyewe. Kuna kikundi cha usalama, kikundi cha kusimamia toleo, kikundi cha seva, na wale wanaotunza orodha ya funguo za umma za wanachama, ambao bila wao hutambuliki kuwa mwanachama. Shamba la mtu likilala, linalala lake. Lango likilala, tunalala nje sote. Na mlinzi wa lango naye ni mtu wa kujitolea, ana mtoto mwenye homa na bosi kazini kwake, na Katiba inamwambia halazimishwi.

Mwishoni mwa 1999 lango mojawapo lilifungwa kabisa. Waombaji wa uanachama walikuwa wanamiminika kuliko walivyoweza kuchunguzwa, ikaamuliwa kwamba hakuna anayeingia mpaka utaratibu mpya upatikane. Likafunguliwa tena mwaka 2000. Tangu hapo anayetaka kuingia anapitia mikono kadhaa: ahakikishwe na mwanachama aliyeonana naye ana kwa ana na kuona kitambulisho chake, kisha autie sahihi ufunguo wake wa umma, aulizwe maswali juu ya itikadi na taratibu za mradi, aonyeshe kazi aliyokwisha kuifanya. Hiyo ya kuonana ana kwa ana inaonekana ndogo ukiwa Berlin. Ukiwa katika nchi isiyo na mwanachama hata mmoja, ni nauli ya ndege. Mkutano mkuu wa mwaka wa Debian ulifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, huko Cape Town, miaka 23 baada ya tangazo la Murdock. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nataka msomaji akumbuke sharti hilo la kuonana, maana mbele tutalihitaji.

*

Turudi kwenye sanduku la bati.

Mlezi wa kifurushi amekaa kimya. Kasoro zinaripotiwa, hajibu. Toleo jipya la programu limetoka, hana habari. Katika ofisi mkuu wa idara angempigia simu. Katika Debian hakuna anayejua kama bwana yule anaumwa, kaoa, kapata ajira ya kubana, kachoka, au kafa. Na ukimya una tabia yake. Mtu anayejitolea mara nyingi haachi kazi siku moja. Anasema nitafanya Jumamosi. Jumamosi inapita, sasa ana deni la wiki mbili, aibu inaanza kumzuia hata kufungua barua. Kutamka kwamba nimeshindwa ni kugumu kuliko kunyamaza, hasa pale ambapo hakuna aliyekulazimisha tangu mwanzo. Nami nimeshawahi kuwa mtu huyo, katika kamati nyingine kabisa, sitasema ipi.

Martin Michlmayr, aliyekuwa kiongozi wa Debian tangu 2003 hadi 2005, ni mmoja wa waliolitazama jambo hili kwa macho makavu. Baadaye alifanya utafiti wake wa uzamivu Cambridge juu ya ubora na utoaji wa matoleo katika programu huria, lakini kabla ya hapo alishakuwa ametumia muda wake kuwaandikia walezi walionyamaza, mmoja mmoja, kwa adabu: ndugu, bado upo? Una muda na vifurushi vyako? Kazi hiyo ikawa na kikundi chake. Hawaanzi na lawama. Wanauliza, wanasubiri, wanauliza tena, na wakikosa jibu vifurushi vinatangazwa kuwa yatima.

Ndiyo, yatima. Hilo ndilo neno lao rasmi, sikulitunga mimi. Debian imejenga msamiati mzima wa namna ya kuachia, na kwa maoni yangu huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko dpkg. Mlezi aliyezidiwa anaweza kutangaza kwamba anaomba msaada, akabaki kuwa mlezi. Anaweza kutangaza kwamba anatafuta wa kumwachia, lakini ataendelea kukishika mpaka apatikane. Anaweza kukitangaza yatima moja kwa moja, na hapo kinaingia mikononi mwa kikundi cha ubora, ambacho ni cha wote. Anayetaka kukichukua naye anatangaza kusudio lake kwanza, wasije watu wawili wakagombania mtoto mmoja. Matangazo yote haya yako katika orodha moja, hadharani, na hakuna mahali pa kuandika sababu ya kushindwa. Unaandika kifurushi, unaandika hali yake, umemaliza. Mtu akishapewa neno la heshima la kuondokea, anaondoka mapema.

Kipo pia kibali cha jirani. Mwanachama yeyote anaweza kurekebisha kasoro katika kifurushi kisicho chake, lakini hodi inapigwa. Anatuma rekebisho kwa mlezi, kisha analiweka kwenye foleni ya kusubiri, kwa kawaida siku 2, 5 au 10 kulingana na uzito wa kasoro. Mlezi akiamka ndani ya siku hizo anaweza kulizuia. Asipoamka, rekebisho linaingia lenyewe. Mimi napenda sana hiyo foleni. Hakuna kura, hakuna kikao, hakuna mtu anayegombezwa. Saa ndiyo inayoamua.

Lakini ukweli usemwe, kwa miaka mingi kibali hicho kilitumiwa kwa woga. Kifurushi kilikuwa kama mke wa mtu. Walezi wengine walilichukulia rekebisho la jirani kuwa tusi, na majirani wakajifunza kupita mbali. Mwaka 2004 likatokea jambo lililoonyesha kwamba hata hivyo si lazima. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye naye aliwahi kuwa mwanachama wa Debian, alianzisha Ubuntu, mfumo uliochukua vifurushi vya Debian na kuvijengea juu. Jina hilo ni ndugu wa neno letu utu. Ubuntu ilikuwa na kampuni na mishahara, jambo linalobadili mengi, ila ilifanya kitu kingine ambacho hakikuhitaji fedha: iliondoa mlezi mmoja mmoja. Vifurushi vikawa vya vikundi. Kule Debian wengine walinung'unika kwamba kisicho na mwenyewe hakitunzwi. Wengine walianza kujiuliza.

Na habari ya mishahara, nayo waliionja. Toleo la 3.1 lilikuwa limetoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baada ya lililotangulia, na wote waliona aibu. Kwa hiyo mwaka 2006 kiongozi wa wakati huo na wenzake wakaanzisha mpango nje ya mradi, Dunc-Tank, wa kuchangisha fedha ili wasimamizi wawili wa toleo walipwe kwa muda, wafanye kazi hiyo tu. Hapo mambo yakachacha. Kwa nini hawa walipwe na mimi ninayekesha nisilipwe? Baadhi ya wanachama walitangaza hadharani kwamba watapunguza kazi zao. Kura ya kumwondoa kiongozi ikaitishwa, ikashindwa. Toleo lililokusudiwa Desemba 2006 lilitoka tarehe 8 Aprili 2007. Mtu anaweza kusema fedha zilichelewesha kazi, na mwingine akasema bila fedha ingechelewa zaidi. Mimi naona jambo dogo tu: mtu anayefanya bure halinganishi kazi yake na ya mwenzake, mpaka siku ile mmoja anapowekewa bei.

*

Wakati watu wanagombana juu ya fedha, kosa la kutisha lilikuwa limeshalala ndani ya nyumba.

OpenSSL ni programu inayotengeneza siri: funguo zinazolinda benki, seva na barua. Wenye kuiandika si Debian. Wako kwao, nao wakati huo walikuwa wachache na wa kujitolea vile vile. Debian ina mlezi anayeichukua na kuifunga iwe kifurushi. Mwaka 2006 chombo kimoja cha kukagua programu kilikuwa kinalalamikia mistari fulani ya msimbo. Mlezi aliwauliza wenye programu kuhusu kuiondoa, majibu aliyopata hayakumsimamisha, akaiondoa, na Septemba mwaka huo badiliko hilo likaingia katika Debian. Kelele za ukaguzi zikaisha. Kumbe pamoja na kelele kiliondoka karibu kila kitu kilichofanya funguo zisibashirike. Ufunguo uliopaswa kuwa mmoja kati ya idadi isiyohesabika ukawa mmoja kati ya usiozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote na chai bado ya moto.

Hali hiyo ilidumu karibu miezi 20. Aliyeigundua ni Luciano Bello, mwanachama wa Debian kutoka Argentina, na tahadhari ikatolewa tarehe 13 Mei 2008. Duniani kote wasimamizi wa seva za Debian na Ubuntu ikawabidi watupe funguo zao na kutengeneza upya.

Watu wengi walimlaumu yule mlezi. Mimi namwonea huruma, kwa sababu tazama mgawanyo ulivyokuwa. Wenye programu walijua maana ya mistari ile, lakini kifurushi cha Debian hakikuwa shamba lao. Mlezi alijua kifurushi, lakini msimbo haukuwa wa kwake. Wanachama wengine wangeweza kusoma mabadiliko yale siku yoyote, yako wazi, lakini kila mmoja alidhani yupo mwenzake anayesoma. Mpaka ulichorwa vizuri kabisa, na kosa likapita mpakani.

Baada ya hapo sauti za kutaka vikundi zilipata nguvu. Vikundi vilikuwepo tayari, vikitumia seva ya ushirika ya Debian iliyofunguliwa mwaka 2003: kikundi cha vifurushi vya lugha ya Perl, cha Python, cha michezo, cha programu za tiba. Mwaka 2018 seva hiyo ikapokewa na nyingine iitwayo Salsa, na leo vifurushi vingi vina jina la kikundi mahali pa mlezi, majina ya watu yakifuata chini yake. Mtu akiugua, mwenzake anajua nguo zimekunjwa vipi. Kikundi nacho kina ugonjwa wake, sikatai. Kuna vikundi vyenye majina 10 na mkono mmoja.

Mwaka 2014 sitaukalia sana. Kamati ya Ufundi iligawanyika nusu kwa nusu juu ya programu ipi iwashe mfumo, na Februari mwenyekiti wake, Bdale Garbee, akaamua kwa kura yake ya turufu ichukuliwe systemd. Mabishano yaliendelea mwaka mzima. Kufikia Novemba wajumbe watatu wa kamati walikuwa wamejiuzulu, mmoja wao akiwa yule yule Ian Jackson aliyeiandika Katiba, na Joey Hess, mmoja wa wajenzi wakongwe, akaacha mradi wote. Kinachonihusu mimi ni kura iliyofuata, ya Desemba: iliweka ukomo wa muda kwa wajumbe wa kamati. Kwa miaka 16 hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba kiti hicho kina mwisho.

Mwaka 2018 hatimaye wakavunja kufuli. Si kwa nyundo, kwa utaratibu. Kabla ya hapo, mlezi aliyenyamaza lakini hajatangazwa kuwa yatima alibaki kuwa mlezi. Ungeweza kurekebisha kwake kama jirani, lakini kuchukua kifurushi chenyewe ilibidi akubali, au wahusika wamtangaze kuwa katoweka. Utaratibu mpya unaitwa uokoaji. Ukiona kifurushi kimetelekezwa kwa vigezo vilivyoandikwa, unatangaza kusudio la kukiokoa. Unasubiri siku 21. Mlezi akipinga, hata kwa barua moja, uokoaji umekwisha. Asiposema kitu, unatuma kifurushi kikiwa na jina lako kwenye ile foleni, kisubiri siku 7 nyingine, kisha kinakuwa chako. Siku 28 kwa jumla, na hukumtukana mtu. Tangu Machi 1995 mpaka hapo ni miaka 23. Ian Murdock hakuuona utaratibu huo. Alifariki San Francisco tarehe 28 Desemba 2015, akiwa na miaka 42.

*

Ningeishia hapo, na ningekuwa nimesema kwamba dawa ya ukimya ni kurahisisha kupokezana. Lakini kuna xz.

xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko karibu katika kila mfumo wa Linux. Haikutengenezwa na Debian. Ilikuwa na mtunzaji wake mmoja, wa kujitolea, kwa miaka mingi, na alikuwa amechoka. Alilisema hilo waziwazi. Watu wasiojulikana wakawa wanamsukuma kwa barua: kwa nini unachelewa, kwa nini humpi mwingine? Na mwingine alikuwepo, mpole, mchapakazi, akijiita Jia Tan, aliyeanza kuleta marekebisho mazuri tangu 2021. Hakuna aliyewahi kuonana naye. Polepole akakabidhiwa funguo. Mapema 2024, ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ulikuwemo mlango wa siri uliofichwa kwa ustadi, wa kumwezesha mwenye nao kuingia katika seva za watu kupitia njia ile ile wanayoitumia wasimamizi wenyewe.

Unaona jinsi lilivyogeuka? Yule mtunzaji alifanya kila kitu ambacho mlezi wetu wa ukimya hakufanya. Alikiri uchovu. Alipokea msaada. Aliachia. Kilichokosekana ni lile sharti la kuonana ana kwa ana, lile la nauli ya ndege, ambalo lingemzuia Jia Tan na lingemzuia pia kijana mwema wa Kigoma. Sijui mizani yake iko wapi, na sijaona katika historia hii yote mahali ambapo Debian yenyewe iliipata.

Matoleo yale mabaya yalikuwa yameshaingia katika Debian ya majaribio, bado hayajafika katika toleo thabiti wanalotumia wengi. Aliyeyakamata ni Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa anapima kasi ya kazi yake kwenye Debian ya majaribio, akaona kuingia kwenye seva kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! xz haikuwa yake, wala hakuna aliyemtuma kuichunguza. Akafuatilia mpaka akafika kwenye shina, na tarehe 29 Machi 2024 habari ikatangazwa.

Walezi wa Debian wakarudisha toleo la zamani. Lakini namba za matoleo katika dpkg hazirudi nyuma; kompyuta ikishapokea 5.6.1 haikubali kwa hiari kuletewa 5.4.5. Kwa hiyo kifurushi kilipewa jina refu la ajabu, namba ya uongo mbele, kisha neno la Kiingereza lenye maana ya "kwa kweli", kisha namba yenyewe. Waliosasisha kompyuta zao wiki ile waliliona likipita kwenye kioo: 5.6.1+really5.4.5.